Miche yangu ya misonobari ilikuwa kijani Aprili, Mei ikafa. Nifanye nini kabla baridi haijarudi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Naishi kaskazini mwa Minnesota, si mbali na Duluth. Mwaka jana niliotesha miche ya msonobari mwekundu na sprusi nyeupe kwenye viriba, nikaipanga juu ya meza nyuma ya nyumba. Baridi ilipokaribia nikaacha kumwagilia, maana marehemu baba alikuwa na kitalu kule Mufindi, Tanzania, na ndivyo alivyokuwa akikomaza miche yake. Theluji ilipoyeyuka nilikuta yote kijani, nikashukuru Mungu. Kufika katikati ya Mei ikaanza kugeuka rangi ya kutu, na karibu yote ikafa. Sasa nina mingine kama mia na hamsini, kimo cha kiganja, na Agosti ndiyo hiyo inaisha. Mmoja ananishauri niiingize kwenye gereji yenye hita, mwingine niifunike kwa nailoni, mwingine niipe mbolea ya kutosha ipate nguvu. Halafu ninayo michache ya paina ile ya nyumbani, Pinus patula. Nimsikilize nani?"*

Pole sana kwa hasara ile. Kwa ulivyoeleza, washauri wako wote watatu wana nia njema na wote watatu wanakupoteza. Kabla sijasema kwa nini, tuielewe kwanza ile ya mwaka jana, kwa sababu usipojua kilichoua miche ile utaipoteza na hii.

Miche yako haikufa Mei. Ilikufa katikati ya majira ya baridi, pengine Januari, na iliyokufa ni mizizi. Sehemu ya juu ilibaki kijani kwa sababu ilikuwa nzima, ina maji yake ndani, na kwenye baridi haikuwa na kazi ya kufanya. Hapo Marekani umeona mti wa Krismasi uliokatwa shinani ukikaa sebuleni wiki kadhaa bila sindano zake, yaani majani yake membamba, kubadilika rangi. Miche yako ilikuwa katika hali hiyohiyo. Mei jua lilipopanda, sindano zikaanza kuhitaji maji, zikaomba chini, na chini hakukuwa na wa kuitika. Ndipo rangi ya kutu ikatokea. Wengi huilaumu Mei, au hutafuta ugonjwa, na kumwagia dawa miche ambayo ilishakufa miezi minne iliyopita.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kuhusu miti hii. Tunaitazama sehemu ya juu, kwa kuwa ndiyo tunayoiona, tunaihurumia kwa upepo na theluji, tunaifunga vitambaa. Sehemu ya juu haina shida. Tarehe 2 Februari 1996, Tower, mji mdogo kaskazini mwa Duluth, ulishuka hadi nyuzi -51 za Selsiasi, rekodi ya jimbo zima, na misitu ya sprusi inayouzunguka ikaendelea na maisha yake. Sprusi nyeupe iliyokomaa sawasawa huvumilia hata -60. Lakini mizizi ya mche huohuo haijawahi kujifunza uvumilivu huo, kwa sababu porini haiuhitaji. Iko ardhini, na juu yake kuna majani yaliyooza na theluji, hivyo udongo pale hukaa karibu na sifuri au chini kidogo tu hata hewa ikiwa -30. Ncha changa nyeupe za mizizi zinaweza kufa kati ya nyuzi -5 na -10. Mizizi iliyokomaa na kuwa ya kahawia huvumilia zaidi ya hapo, ila haikaribii hata kidogo kiwango cha matawi.

Sasa chukua kiriba chenye udongo wa lita moja au chini ya hapo, ukiweke juu ya meza, hewa ipite juu, chini na pembeni. Baada ya usiku mmoja wa -25 udongo ule nao uko karibu na -25. Umemwekea mti mzizi wake mahali ambapo maumbile hayakuuandaa kukaa. Na kwa kuwa uliacha kumwagilia, udongo ulikuwa mkavu, jambo ambalo liliongeza tatizo. Udongo wenye unyevu hupoa polepole, na maji yake yanapoganda hutoa joto ambalo huchelewesha baridi kupenya. Udongo mkavu hauna akiba hiyo.

Simlaumu marehemu baba, na wewe usimlaumu. Alichofanya Mufindi kilikuwa sahihi kwa Mufindi. Kule adui wa mche ni ukame: unaotoka kitaluni ulikomwagiliwa kila siku, unapandwa mlimani, mvua ikikatika wiki mbili unakufa. Kwa hiyo mwenye kitalu huondoa kivuli mapema, hukata mizizi inayotoboa kiriba, hupunguza maji wiki za mwisho ili mche uzoee shida. Sakitu, yaani baridi ya kugandisha, ipo kule pia, mwezi wa sita hadi wa nane, hasa mabondeni, lakini hupiga alfajiri na kufika saa nne jua limeshaiyeyusha. Unachokabili wewe ni baridi ya miezi mitano mfululizo. Jina la kazi ni lilelile, kukomaza miche, ila ni kazi nyingine kabisa.

Mti wa kaskazini haukomazwi na shida. Huanza kukomazwa na urefu wa usiku. Duluth mwezi Juni mchana una karibu saa 16. Desemba unabaki kama saa 8 na nusu. Mufindi tofauti hiyo kwa mwaka mzima ni kama saa moja tu, ndiyo maana hakuna mtu kule aliyewahi kukwambia habari hii. Ndani ya sindano kuna kemikali inayohisi mwanga, faitokromu, na kwa hiyo mti unapima giza limekaa muda gani. Usiku ukirefuka kupita kiwango fulani, na kwa miti ya kaskazini hilo hutokea mapema, Julai mwishoni au Agosti, kilele kinaacha kurefuka, kisha kinafunga tumba, yaani chipukizi la mwakani lililofungwa ndani ya magamba. Baridi bado haijafika. Mti unasoma kalenda, hausubiri kuumia.

Baada ya tumba kufunga, shina huendelea kunenepa na kuwa gumu, na mizizi hukua vizuri hadi udongo upoe. Kufikia mwisho wa hatua hiyo mche unaweza kuvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Hatua ya pili huletwa na baridi yenyewe: wiki kadhaa za nyuzi 0 hadi 5, kisha usiku wa kuganda kidogo, kisha wa kuganda zaidi. Hapo seli hujaza sukari, kuta zake laini hubadilika ili zisipasuke zikipungukiwa maji, na kinachofanyika ni hiki: maji hutoka ndani ya seli polepole na kuganda kwenye nafasi zilizo katikati ya seli. Barafu ikiwa nje ya seli mti unaishi. Ikifanyika ndani ya seli, seli imekwisha. Mche ambao bado unakua, wenye chipukizi laini la kijani kibichi, hauwezi kufanya haya. Huo hufa kwa -3 au -5 ya Septemba, wakati jirani yake mwenye tumba hata habari hana.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza nakuomba ufanye leo jioni ni kutoka nje na kuangalia taa. Kama kuna taa ya ukuta inayowaka usiku kucha juu ya miche, izime au ihamishe miche. Mwanga hafifu katikati ya usiku unatosha kuudanganya mti kwamba usiku ni mfupi, ukaendelea kurefuka hadi sakitu iukute uchi. Nimeona watu wakitafuta sababu kwenye mbolea, kwenye mbegu, kwenye maji, na sababu iko juu ya mlango wa nyuma.

Vitalu vikubwa vya Kanada, Sweden na Finland hutumia siri hiyo kwa makusudi: katikati ya kiangazi hushusha mapazia meusi juu ya miche mchana ukiwa bado mrefu, wakaufupisha hadi saa 8 au 10 kwa wiki mbili hadi nne, na tumba hufunga kwa pamoja. Wewe huhitaji mapazia, Agosti inaisha na usiku wenyewe unafanya kazi hiyo. Unachohitaji kujua ni mbegu zako zimetoka wapi. Zikiwa za Minnesota au jirani zake, kalenda iliyomo ndani yake inalingana na ya hapo ulipo. Zikiwa zimeagizwa bila maelezo, huenda zimetoka kusini zaidi, na miche hiyo itachelewa kufunga tumba kila mwaka wa maisha yake. Ukikuta katikati ya Septemba baadhi bado inarefuka wakati mingine imefunga, itenge pembeni na usiipe mahali pazuri palipo pachache.

Turudi kwa washauri wako. Gereji yenye hita ndiyo hatari kuliko zote. Mche uliokomaa nusu ukiingizwa kwenye joto la nyuzi 15 hupoteza ukomavu wake kwa siku chache, na kuurudisha huchukua muda mrefu zaidi ya kuupoteza, wakati mwingine haurudi wote. Isitoshe, matumba yanahitaji wiki kadhaa za ubaridi wa karibu na sifuri ndipo yaweze kufunguka vizuri. Ukiyanyima, mche huamka vibaya au hauamki. Ukiyapa kisha ukayaletea joto Januari, yatafunguka Januari, na hapo huna pa kuyapeleka. Gereji isiyo na hita ni habari nyingine. Kama ndani yake hakushuki chini ya -5 na hakupandi juu ya nyuzi 4 kwa siku nyingi, unaweza kuweka viriba sakafuni, vimebanana, hata gizani, ukavikagua unyevu mara moja kwa mwezi. Mche uliolala kwenye ubaridi huo hauhitaji mwanga. Tatizo ni kwamba gereji nyingi huwa na siku za joto Machi, gari lenye injini ya moto huingia, na panya nao wamo.

Nailoni inayopitisha mwanga, ikifungwa moja kwa moja juu ya miche, huwa mtego. Jua la Februari likiipiga, ndani joto hupanda mchana, miche huamshwa, usiku hupigwa na -20. Na unyevu uliofungiwa huleta ukungu wa kijivu unaokula sindano za chini hadi shina. Mashamba ya miche hutumia plastiki nyeupe isiyopitisha jua sana, juu ya matao, na yana watu wa kuifungua na kuifunga. Kwa mtu mwenye miche mia na hamsini na kazi ya mchana, siishauri.

Kuhusu mbolea, kuna ukweli kidogo ndani ya kosa kubwa. Naitrojeni nyingi sasa hivi inaweza kuamsha matumba yaliyokwisha kufunga yakachipua tena, na chipukizi hilo la Septemba halitaiona Oktoba. Lakini mche wenye njaa nao haukomai vizuri. Kama sindano zina kijani kizuri, acha. Kama zimepauka kuelekea manjano, na tumba limeshafunga likawa kahawia, dozi hafifu ya mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara mbili hivi kabla ya Oktoba, itasaidia mizizi bila kuamsha kilele. Na ile imani kwamba potasiamu ni koti la mti, ukubaliane nayo tu pale udongo unapokosa potasiamu kweli. Kuizidisha hakuongezi uvumilivu.

Maji: hapa baba anapata haki yake kidogo. Kuacha udongo wa juu ukauke kiasi kati ya mwagilio mmoja na mwingine mwezi Agosti husaidia kilele kuacha kurefuka. Fanya hivyo hadi uone matumba. Ukishayaona, rudi kwenye unyevu wa kawaida na uendelee Septemba na Oktoba yote, mpaka udongo ugande. Miche iingie kwenye barafu ikiwa imeshiba maji lakini haielei; kiriba kinachotuamisha maji huozesha mizizi.

Kisha mahali. Ishushe miche yote kutoka mezani. Chagua upande wa kaskazini au mashariki wa nyumba, pasipo na upepo wala jua kali la mchana wa Februari na Machi, na pasipomwagikiwa na theluji nzito ya paa au chumvi ya barabara. Chimba kitanda cha kina cha viriba vyenyewe, vipange vikiwa vimebanana, ukingo wa kiriba uwe sawa na ardhi, ujaze udongo au maranda kwenye mapengo na kuzunguka pembeni. Viriba vya pembezoni ndivyo hufa kwanza, kwa hiyo pembeni weka ukanda wa maranda wenye upana wa sentimita 30 au zaidi. Fanya hayo mwanzoni mwa Oktoba, ardhi ikiwa bado inachimbika. Ukichelewa hadi Novemba utachimba kwa shoka.

Usifunike juu mapema. Acha miche ipigwe na baridi za Oktoba, hiyo ndiyo hatua ya pili niliyoieleza, na kuikinga ni kuinyima masomo. Udongo wa juu ukishaganda na usiku ukawa chini ya -8 mara kadhaa, ndipo uweke mabua ya ngano au matawi ya sprusi juu yake, tabaka la kushika theluji. Theluji ikija, iache ilale hapo, na ukiondoa ya kwenye njia unaweza kuongeza iliyo laini. Sentimita 30 za theluji laini ni kinga ambayo hakuna duka linaiuza. Ila usiitegemee peke yake: majira ya baridi ya 2023–24 Minnesota yalikuwa na joto lisilo la kawaida na theluji haba, na mwaka wa namna hiyo kinga ya mabua ndiyo inayobaki. Nunua kipimajoto cha bei nafuu chenye waya, uzike ncha yake katikati ya viriba, usome ukiwa mlangoni. Kikikaribia -5, ongeza mabua.

Na zungusha wavu wa chuma wenye matundu madogo, uingie ardhini kiasi, na mwingine juu. Panya wa porini huchimba njia chini ya theluji na kumenya maganda ya miche wote kwa starehe, hakuna mwewe wala bundi wa kuwaona. Sungura hukata vilele kwa juu kama amekuja na mkasi. Kwa uzoefu wangu hawa wawili huchukua miche mingi zaidi kwa watu waliofanya kila kitu kingine sawasawa.

Unaweza kuuliza, kwa nini nisipande tu shambani sasa? Msonobari na sprusi vilivyopandwa kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba vinaweza kufanikiwa, maana mizizi hupata wiki kadhaa za kushika udongo. Kwenye udongo wa kichanga ningekubali ujaribu na theluthi moja ya miche. Kwenye mfinyanzi sikushauri: ardhi ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara huusukuma mche juu, na Aprili unaukuta umelala na mizizi yake hewani. Miche mingine yote ipandwe Mei, mara ardhi inapochimbika na kabla matumba hayajafunguka.

Machi ndiyo mwezi wa hila. Jua lina nguvu, upepo ni mkavu, udongo bado ni barafu, na sindano zilizo juu ya theluji hupoteza maji yasiyorudishiwa. Usifurahie siku tatu za joto ukaondoa mabua. Yaondoe kidogo kidogo Aprili, siku ya mawingu, udongo ukiwa umeyeyuka. Baada ya hapo yaache jirani, kwani sakitu ya Mei hadi mwanzo wa Juni huunguza chipukizi jipya, ambalo halina ukomavu wowote.

Na safari hii usiiamini rangi ya kijani. Mwanzoni mwa Aprili ng'oa miche mitatu au minne kutoka sehemu tofauti, mmoja wa katikati na wengine wa pembezoni. Kwaruza mizizi kwa ukucha. Iliyo hai ndani ni nyeupe au ya rangi ya krimu na ni imara. Iliyokufa ni ya kahawia, laini kama imechemshwa, na ganda lake linachomoka likiacha uzi. Ingiza mingine miwili mitatu ndani ya nyumba, imwagilie, isubiri wiki mbili. Ikitoa ncha nyeupe za mizizi, panda bila wasiwasi. Vitalu vya British Columbia navyo hupima kabla ya kuhifadhi miche: hugandisha sampuli hadi -18 na kuangalia imeumia kiasi gani kabla ya kuupeleka mzigo wote kwenye majokofu ya -2.

Miche yako ya Pinus patula siwezi kukupa matumaini nayo. Asili yake ni milima ya Mexico, na ikishuka chini ya -10 hivi huumia vibaya hata ikiwa imeandaliwa vipi. Ukomavu una dari, na dari hiyo imo ndani ya mbegu. Ukiipenda kwa ajili ya kumbukumbu, iweke kwenye chungu, dirishani penye mwanga mwingi kwenye chumba chenye ubaridi, kisicho na hita karibu, itoe nje Juni.

Tafuta mtu wa kuja kuona kwa macho ukikuta mojawapo ya haya: sindano zinakufa Septemba kabla ya baridi yoyote, kuna utando wa kijivu au mweupe unaosambaa kutoka mche hadi mche, au mizizi ina harufu ya kuoza wakati udongo bado haujaganda. Hayo siwezi kuyaamua kwa maandishi. Huduma ya ugani ya Chuo Kikuu cha Minnesota hujibu maswali ya wakazi, na chuo hichohicho kina kliniki ya magonjwa ya mimea inayopokea sampuli. Kaunti yako nayo ina ofisi ya hifadhi ya udongo na maji; nyingi huuza miche ya miti kila masika, na wafanyakazi wake wanaujua udongo wa eneo lako kuliko mimi. Ukienda, beba mche mzima na udongo wake ndani ya mfuko, usikate tawi peke yake, na uwaambie ulikuwa umewekwa wapi tangu Oktoba.